Nikisomea Sosholojia Nitaajiriwa Wapi?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na sijaamua kama nisomee shahada ya historia au ya sosholojia. Baba anasema zote mbili zitanirudisha kukaa nyumbani, hivyo nichukue ualimu. Je, ni kweli? (Msomaji wa kike, Morogoro)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hofu ya baba yako ina msingi, ingawa hitimisho lake sikubaliani nalo. Shahada hizi zina kazi, ila majina yake, tofauti na uhasibu au uuguzi, hayakutajii kazi yenyewe, na mwanafunzi asiyeitafuta mapema humaliza mwaka wa tatu bila kujua abishe hodi wapi.

Anza na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kwenye nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, sifa za mwombaji kwa kawaida hutaja elimu ya jamii, yaani hiyo hiyo sosholojia, historia hutaikuta. Serikalini mchujo hufuata jina lililo kwenye cheti, hata pale ambapo mhitimu wa historia angeimudu kazi hiyo barabara.

Mashirika yasiyo ya kiserikali hutazama zaidi ujuzi. Vitengo vyao vya ufuatiliaji na tathmini humtaka mtu anayeweza kutunga dodoso linaloeleweka kijijini, kuendesha mjadala wa kikundi bila mwenyekiti wa kijiji kuwasemea wengine wote, kisha kuchambua takwimu kwa programu za kompyuta kama SPSS au Stata. Hilo la mwisho wengi hulikwepa kwa kuogopa hesabu, nawe usilikwepe.

Historia nayo huwapeleka watu kwenye makumbusho, utunzaji wa nyaraka na uandishi wa habari, ila nafasi zake ni chache na hutangazwa kwa nadra. (Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere akawa mhariri, mwanadiplomasia na hatimaye rais, lakini enzi hizo wahitimu walikuwa wa kuhesabika.)

Kuhusu ualimu, anayeupenda na achukue shahada ya sanaa na ualimu tangu mwanzo. Asiye na hakika anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu baadaye, kwa gharama ya muda na ada.

Kwa maelezo yako, ningechagua sosholojia na kuuliza chuoni kama kozi za historia zinaruhusiwa kama za hiari. Chapisha matangazo mawili matatu ya ajira, uyasome na baba kabla dirisha la udahili halijafungwa.