Ratiba Ndiyo Inayoharibu Kiwanja: Kwa Unayeanza Kusimamia Bustani na Michezo ya Jiji

Idara ya bustani na michezo kwa kawaida ina pande mbili ambazo hazikai meza moja. Huku wako mafundi, wakata nyasi na wahudumu wa bwawa. Kule wako wanaopanga ligi, madarasa ya kuogelea, kambi za watoto wakati wa likizo na mazoezi ya wazee. Wa huku wanalalamika kwamba viwanja vinaharibiwa, wa kule wanalalamika kwamba viwanja ni vibovu. Wote wanasema jambo lilelile. Anayejaza ratiba ndiye anayeamua nyasi zitakuwaje, bembea italika kwa kasi gani na maji ya bwawa yatachafuka lini, ajue asijue. Ukilishika hili mapema, kazi nyingine zote zitakuwia nyepesi.

Wiki zako za kwanza zitumie kutembea. Pita kila eneo na daftari, uandike kila kifaa: namba yake, mwaka kilipofungwa, nani alikitengeneza, kilikaguliwa lini mara ya mwisho. Kipige picha. Kisha uliza maswali ambayo majibu yake hayamo kwenye faili lolote: valvu kuu ya maji iko wapi, swichi kuu ya umeme iko wapi, ufunguo wa stoo anao nani siku za mapumziko. Bomba likipasuka Jumamosi usiku na anayejua valvu ilipo amesafiri, maji yatamwagika hadi Jumatatu. Yachore kwenye ramani ya karatasi moja kwa kila eneo, na nakala ikae kwa mlinzi.

Nyasi

Kosa linaloonekana kila mahali ni kukata nyasi fupi sana ili zipendeze kwa siku mbili. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkato mmoja. Ukitaka kiwanja kibaki sentimita 4, kikate kabla hakijapita sentimita 6. Nyasi zilizonyolewa hadi kwenye shina huishiwa nguvu, mizizi hubaki juujuu, na magugu hupata nafasi. Kama mvua zimeziachia zikawa ndefu, shuka kwa mikato miwili au mitatu, ukipumzisha siku kadhaa katikati.

Maji nayo hayapimwi kwa saa za kufungua koki. Wakati wa joto, nyasi nyingi za viwanjani huhitaji kiasi cha milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo. Panga vikopo vyenye kuta zilizonyooka sehemu mbalimbali za kiwanja, washa vinyunyizio kwa dakika 20, kisha pima kina cha maji kwa rula. Utashangaa kukuta kikopo kimoja kina mara tatu ya kingine. Hapo tatizo ni pua ya kinyunyizio iliyoziba au iliyopinda, na kuongeza muda wa kumwagilia hakutasaidia kitu. Mwagilia kwa wingi mara mbili au tatu kwa wiki, alfajiri, badala ya kidogokidogo kila siku. Maji ya juujuu hulea mizizi ya juujuu.

Adui mkubwa kuliko ukame ni udongo ulioshindiliwa. Mamia ya miguu hubana vitundu vya hewa, maji hayapenyi, mizizi hukosa pumzi. Toboa kiwanja kwa mashine inayong'oa vipande vya udongo, kina cha sentimita 7 hadi 10, wakati nyasi zinakua kwa nguvu na udongo una unyevu bila kuwa tope. Mbele ya magoli patoboe mara nyingi zaidi ya kwingine. Waombe makocha wafanyie mazoezi pembeni na kuhamisha magoli madogo kila wiki; hilo peke yake huokoa nyasi nyingi kuliko mbegu.

Siku za mvua, weka kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya: kanyaga kwa kisigino katikati ya kiwanja na mbele ya magoli. Maji yakichuruzika juu, au kisigino kikiacha shimo, kiwanja kinafungwa. Mchezo mmoja kwenye tope unaweza kuharibu kazi ya wiki nyingi. Lakini kipimo bila mamlaka hakina maana. Iandikwe nani anafunga, hadi saa ngapi uamuzi uwe umetolewa, na makocha wanaarifiwa kwa njia gani. Wakijua kwamba jibu hutoka saa 8 mchana kila siku ya mvua, hawatakupigia simu asubuhi nzima.

Na mapumziko ya kiwanja yaingie kwenye ratiba kama timu nyingine yoyote. Andika "Kiwanja namba 2, mapumziko" katika wiki zinazohusika, ukizifunga kabla ya kupokea maombi ya msimu. Mapumziko yasiyoandikwa huliwa na bonanza la kwanza litakalojitokeza. Ratiba isitoke bila saini ya msimamizi wa viwanja.

Kabla ya kuondoka hapa: magoli yanayohamishika. Goli la chuma lisilofungwa chini huanguka mtoto anaponing'inia kwenye mwamba, na watoto wamekufa kwa namna hiyo katika nchi mbalimbali. Kila goli lisimikwe kwa nanga ardhini au liwekewe uzito kwenye bomba la nyuma, kila linapotumika, hata kwa mazoezi ya nusu saa. Lisipotumika, magoli mawili yafungwe kwa mnyororo yakitazamana, au yalazwe kifudifudi na kufungwa.

Vifaa vya watoto

Kiwango cha Ulaya EN 1176 kinatenga ukaguzi wa aina tatu, na mgawanyo huo unafaa popote. Wa kwanza ni wa macho, kila siku au kila wiki kulingana na wingi wa watoto: vioo vilivyovunjika, kinyesi cha wanyama, kifaa kilichovunjwa usiku. Wa pili, kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, ni wa mkono: kutikisa, kukaza, kupima. Wa tatu ni wa mwaka na unatazama msingi, kutu, kuoza na uimara wa mfumo mzima. Huo ufanywe na mtu mwenye ujuzi asiyehusika na matengenezo ya kila siku.

Bembea ikaguliwe hivi. Nyanyua kiti kwa mkono mmoja ili mnyororo ulegee, kisha tazama kiungio cha juu, pale chuma kinaposugua chuma. Mnyororo ukiwa umekazwa na uzito wa kiti, sehemu iliyolika hujificha. Ni lazima uulegeze ndipo uone kama kulabu imebaki nyembamba. Pitisha kidole kwenye kulabu zenye umbo la S: zisiwe na mwanya. Chini ya nguzo, futa udongo utazame kutu pale chuma kinapoingia ardhini, maana hapo ndipo nguzo hukatikia, huku rangi ya juu ikiwa bado inang'aa.

Vichwa vya watoto hunasa kwenye nafasi za kati ya sentimita 9 na 23: mwili hupita, kichwa hakipiti. Pima kila mwanya wa ngazi, vizuizi na kamba, hasa baada ya fundi kubadilisha ubao mmoja. Kamba za kuruka na za mbwa zilizofungwa kwenye vifaa ziondolewe papo hapo.

Majeraha makubwa hutokana na kuanguka, kwa hiyo kilicho chini ya kifaa kina uzito kuliko kifaa chenyewe. Udongo na nyasi havihesabiki kuwa kinga, kwa sababu hushindiliwa na kuwa vigumu. Kwa mujibu wa mwongozo wa tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani (CPSC), vipande vya mbao vya kina cha sentimita 23 vilivyoshikana hukinga mwangusho wa hadi mita 3, ilhali mchanga wa kina hichohicho hukinga mita 1.2 tu. Jaza sentimita 30 ili zibaki 23 baada ya kushikana. Tatizo ni kwamba miguu husukuma vipande hivyo kutoka chini ya bembea na mwisho wa mtelezo, yaani palepale vinapohitajika. Piga mstari wa rangi kwenye kila nguzo kuonyesha kimo sahihi. Anayefagia akiuona umejitokeza, achukue reki asawazishe, na kama haitoshi, ajaze.

Mtelezo wa chuma au wa plastiki, na sakafu ya mpira yenye rangi nzito, huweza kuunguza ngozi ya mtoto mdogo kwenye jua kali. Kivuli kiingie kwenye mchoro tangu mwanzo.

Bwawa

Hapa usibahatishe. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) kinataka klorini huru (ile ambayo bado haijashikana na uchafu) isiyopungua miligramu 1 kwa lita, au 2 kama maji yana asidi sianuriki (dawa inayozuia jua lisiimalize klorini), na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ya kati ya 7.0 na 7.8. Pima kabla ya kufungua na mara kadhaa wakati wa matumizi, hasa darasa la watoto wengi likimalizika.

Jihadhari na kipimo cha rangi ya waridi, kile ambacho dawa hugeuza sampuli ya maji kuwa waridi klorini ikiwemo. Klorini ikizidi sana, hufifisha dawa ya kupimia na maji hubaki meupe kana kwamba hakuna klorini kabisa. Mhudumu mgeni huona meupe, akaongeza klorini. Ukiona waridi imejitokeza kisha ikatoweka, changanya sampuli na maji safi yasiyo na klorini kwa kiasi sawa, pima upya, kisha zidisha jibu kwa 2. Vilevile, harufu kali puani na macho kuwasha kwa kawaida si dalili ya klorini kuzidi. Ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Bwawa lenye maji mazuri halinuki sana.

Mtoto akiharisha ndani ya maji, toa watu wote na ufunge. Kimelea cha kriptosporidiamu huishi siku kadhaa kwenye klorini ya kawaida, ndiyo maana mwongozo wa CDC unataka klorini ya miligramu 20 kwa lita kwa saa 12 na dakika 45, pH isizidi 7.5, tena kwa maji yasiyo na asidi sianuriki. Yakiwa nayo, muda huongezeka sana. Kwa hiyo darasa la jioni hiyo halipo, na anayepanga ratiba apigiwe simu saa hiyohiyo.

Asidi na klorini zikae vyumba tofauti, na kila moja iwe na kikombe chake. Zikikutana hutoa gesi ya klorini. Ajali ya aina hii hutokea hata ndani ya bomba: pampu kuu inazimika, pampu ndogo za dawa zinaendelea, dawa mbili zinajikusanya bombani, na pampu kuu ikiwashwa gesi inatokea walipo waogeleaji. Hakikisha pampu za dawa zinazimika zenyewe mzunguko wa maji ukisimama, na pampu kuu isiwashwe tena kabla watu hawajatoka majini.

Programu na watu wake

Acha dakika 15 kati ya kipindi na kipindi. Bila hizo, kundi la kwanza linachelewa kutoka, la pili linaingia kwa hasira, na hakuna aliyepiga jicho sakafu ilivyo. Idadi ya walezi ipangwe kwa umri: shirika la kulinda watoto la Uingereza, NSPCC, hupendekeza mtu mzima 1 kwa watoto 6 wa miaka 4 hadi 8, 1 kwa 8 wa miaka 9 hadi 12, na 1 kwa 10 kwa waliozidi hapo. Wawe wawili daima, hata kundi likiwa dogo, ili mmoja akimpeleka mtoto hospitali mwingine abaki. Daftari la kuchukua watoto liwe na majina ya wanaoruhusiwa, na sahihi ya kila jioni. Radi ikisikika, wote ndani; mchezo urudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ugawaji wa viwanja ndio utakaokuletea wageni wenye makasiriko ofisini. Vilabu vya zamani huamini Jumamosi asubuhi ni yao, na kundi la wasichana lililoanza mwaka huu hupewa saa tatu usiku. Andika kanuni, zitangaze kabla ya msimu, na uzifuate hata kwa wenye majina makubwa. Tenga saa ambazo hakuna anayeweza kuzikodi, watoto wa mtaa wacheze bure bila fomu. Usajili ukiwa wa kuwahi tu kwenye mtandao, nafasi zote zitachukuliwa na wazazi wenye simu nzuri. Baadhi zitolewe dirishani.

Hesabu waliofika, wala si waliojiandikisha. Programu za bure hujaa kwenye orodha na kubaki tupu uwanjani, kwa hiyo weka orodha ya wanaosubiri na uwapigie simu siku moja kabla. Hudhurio likishuka, kabla ya kulifuta darasa uliza kuhusu usafiri, saa, na choo. Mama hawezi kukaa saa mbili na mtoto mahali ambapo choo kimefungwa.

Fedha

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza mwaka 1990 kwamba matengenezo ya majengo ya umma yatengewe kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya. Peleka hesabu hiyo kwenye kikao cha bajeti pamoja na orodha yako ya vifaa na miaka yake. Mfadhili akija na zawadi ya vifaa vipya, mshukuru, kisha muulize: vipuri vinapatikana wapi, sakafu ya kinga imo, nani analipa ukaguzi wa mwaka? Majibu yaingie kwenye mkataba kabla shimo la kwanza halijachimbwa.