Matangazo ya walinzi ni mengi: je, ajira zimeongezeka?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 24, naishi Igoma jijini Mwanza, na nimehitimu mafunzo ya mgambo. Kila mwezi naona kampuni za ulinzi zikitangaza nafasi, nyingine zilezile. Je, kazi hizi zinaongezeka kweli, na inafaa niingie?
Msomaji, Igoma

JIBU: Ndugu msomaji, zinaongezeka, lakini wingi wa matangazo si kipimo chake. Walinzi hufuata mali ilipo: viwanda vya minofu ya sangara, mabohari, matawi ya benki, hosteli za wanafunzi, na ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, ambako vifaa haviachwi usiku bila mtu. Lindo moja la saa 24 linahitaji mlinzi wa mchana, wa usiku, na wa tatu wa kuwapokea, kwa kuwa sheria inamtaka kila mfanyakazi apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki.

Hata hivyo, kampuni inayotangaza kila mwezi bila kupata malindo mapya huenda inajaza nafasi za walioondoka, na sababu ya kuondoka kwao mara nyingi ni saa na mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zinazolipwa mara moja na nusu. Mlinzi anayesimama saa 12 kwa siku sita, hata ukitoa saa moja ya mapumziko kila siku, anafikisha saa 66 kwa wiki. Ziada yake kwa wiki nne ni 84. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Cheti chako cha mgambo kina thamani, kwa hiyo usikubali lolote lile. Siku ya usaili uliza kama lindo ni jipya au kuna aliyeondoka, omba mkataba wa maandishi unaotaja saa na malipo ya ziada, na uhakikishe michango ya NSSF inawasilishwa. Anayekudai fedha ya sare kabla ya mkataba, mpite. (Kwa maoni yangu, huyo hana lindo la kukupa.) Ukishaajiriwa na haki zako zikavunjwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko, lakini usikawie, kwa kuwa lalamiko la kuachishwa kazi lina siku 30 tu.