Maswali na Majibu: Tambuu, Shisha na Sigara ya Futari

Mimi sivuti. Natafuna tambuu tu, na tumbaku kidogo ndani. Wajukuu wanasema nina uraibu kama wavuta sigara. Kweli? (Bibi, Langoni, Lamu)

Shikamoo bibi. Kweli. Nikotini haihitaji moto. Hupenya ngozi laini ya shavu kwa ndani, na ile chokaa unayopaka kwenye jani ndiyo inayoirahisishia njia. Ya sigara hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20. Ya tambuu huja polepole lakini hukawia kuondoka.

Mapafu umeyanusuru, kinywa bado. Tumbaku ya kutafuna huleta saratani ya kinywa, na popoo, ile kokwa inayofungwa ndani ya jani, nayo, hata bila tumbaku, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu miongoni mwa visababishi. Kuiondoa sahani ya tambuu harusini siwezi, na sitajaribu! Lakini tumbaku itoe. Ukiona baka jeupe au jekundu, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au mdomo unakaza haufunguki vizuri, nenda hospitali ukaangaliwe.

Shisha si moshi uliokwisha kuchujwa na maji? (Kijana, Malindi)

Maji huupoza tu, nawe ukauvuta kwa kina zaidi. Juu yake kuna makaa, yanayotoa monoksidi ya kaboni. Serikali iliipiga marufuku 2017. Wauzaji wenu wa Malindi wanalijua hilo vizuri.

Ramadhani nashinda bila sigara, lakini magharibi ikiadhiniwa navuta tatu kabla hata ya tende. Mbona siachi kabisa? (Baba, Shela)

Kila baada ya saa mbili hivi, nikotini iliyo mwilini hupungua nusu. Ndiyo maana alasiri unagombana na kila mtu. Kiu yake huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, nawe kila magharibi unairudisha mwanzo. Muulize mwenye duka la dawa chingamu ya nikotini, uitumie usiku. Usiitafune mfululizo kama miraa: tafuna mpaka uhisi ukali, ibane shavuni, ukiisha tafuna tena. Kama sigara yako ya kwanza huwa ndani ya nusu saa tangu kuamka, chukua ya miligramu 4. La sivyo, 2.

Mwanangu wa sekondari anabana midomoni vijifuko vya nikotini, anasema si tumbaku. (Mama, Malindi)

Uraibu ni uleule, mama, na ubongo wake bado unakua. Mnyang'anye, kisha uvitupe mbali na wadogo zake: mtoto mchanga akimeza ni sumu.