Mshale wa kwanza ndio kipimo

Ndugu, umeuliza kama mtu anayepiga shabaha ya mita 30 kwa upinde bila kukosa anaweza kumwinda pongo, yule swala wa vichakani, kwa umbali huohuo. Kwa maoni yangu, hapana. Kwenye mazoezi mkono huwa umeshazoea, na mshale wa tatu husahihisha makosa ya ule wa kwanza. Porini unao mmoja tu.

Hapa kwetu Lubumbashi, kwenye misitu ya miombo yenye vichuguu virefu, mimi hujipima hivi: natundika sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 15, kadiri ya mahali pa moyo na mapafu ya pongo, kisha kila asubuhi napiga mshale mmoja tu, bila kupasha mwili, nikiwa nimepiga goti au nimejibana nyuma ya kichuguu. Umbali ambao mishale 10 ya siku 10 yote imeingia ndani ya sahani ndio umbali wangu, na kwa sasa ni mita 16.

Lipo jambo jingine lisilotegemea ustadi wako. Mshale wa upinde wa mbao huenda takriban mita 50 kwa sekunde, ilhali sauti ya uzi huenda mita 340. Kwa hiyo kwa umbali wa mita 30 mnyama hupata kama nusu sekunde ya kuinama na kugeuka, na mshale uliolengwa moyoni huishia tumboni. Mnyama aliyejeruhiwa hivyo hufa polepole vichakani, na hilo linaniuma sana. Akishainua kichwa na kusimamisha masikio, hata kwa mita 16 mimi sivuti upinde.