Maswali na majibu: namba tasa, vigawo na vigawe

Mama wa darasa la sita, Makorora: Shikamoo mwalimu. Mwanangu kapewa atafute kama 1961 ni namba tasa, kagawa kwa kila namba mpaka 30 na kitu usingizi ukamchukua. Kwani anatakiwa agawe mpaka wapi?

Marahaba mama. Kwanza asigawe kwa kila namba, anajitesa bure, 2 ikishakataa basi 4, 6, 8 na ukoo wao wote wamekataa, agawe kwa namba tasa peke yake, zile kubwa kuliko 1 ambazo hazigawiki bila baki ila kwa 1 na zenyewe. Pili, mwisho upo. 44 mara 44 ni 1936, 45 mara 45 ni 2025 ambayo imeshapita 1961, kwahiyo akifika 43, ile tasa ya mwisho kabla ya 45, anaweka kalamu chini. Sababu ni kwamba vigawo, yaani namba zinazoingia bila baki, vinakwenda viwili viwili, kimoja kikiwa kikubwa mwenzake lazima awe mdogo, na vyote viwili vikizidi 44 ukivizidisha vinaipita 1961. Sasa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31 zote zinabakiza, halafu 37 inaingia bila baki: 37 × 53. Mwaka wa uhuru sio tasa kumbe! Tena mtoto alibakiza kidogo tu afike. Ingekuwa 2027, angekwenda mpaka 43 hakuna inayoingia, na hapo anaandika TASA bila wasiwasi.

Form one, Pongwe: Nikitafuta vigawo vya namba kama 84 kila mtihani nasahau kimoja.

Kwasababu unaviokota okota. Andika jozi: 1 na 84, 2 na 42, 3 na 28, 4 na 21, 6 na 14, 7 na 12. Jaribu 8, haiingii, 9 pia, na 10 × 10 ni 100 imezidi, basi umemaliza, vipo 12. Ukipata idadi witiri shtuka, hiyo inatokea kwenye namba kama 36 tu ambapo 6 anajioa mwenyewe.

Msomaji, Chuda: 1 ni tasa au sio?

Sio. Tasa ina vigawo viwili, 1 na yenyewe, na 1 anacho kimoja tu.

Fundi tailizi, Chumbageni: Chumba sm 330 kwa 420, mteja hataki hata tailizi moja ikatwe. Niweke saizi gani?

Fundi, hapo unatafuta KKS, kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayoingia bila baki kwenye 330 na 420, na huna haja ya kuchambua vigawo tasa. Gawa 420 kwa 330, inabaki 90. Gawa 330 kwa 90, inabaki 60. 90 kwa 60, inabaki 30. 60 kwa 30, haibaki kitu, basi jibu ni 30. Chukua za 30 kwa 30, upande mmoja 11, mwingine 14, jumla 154. (Nafasi za kati ya tailizi sijazihesabu, hizo unazijua wewe kuliko mimi.) Njia hii imo kwenye vitabu vya Euclid, Mgiriki wa miaka kama 2300 iliyopita, na mi nashangaa kwanini tunawachelewesha watoto kuijua.

Darasa la saba, Duga: Daladala moja inatoka stendi kila dakika 12, nyingine kila dakika 18, zimeondoka pamoja saa 1 asubuhi. Zitaondoka tena pamoja lini?

Vigawe vya 18, yaani 18 mara 1, mara 2 na kuendelea, ni 18, 36... simama, 36 ni kigawe cha 12 pia. Saa 1 na dakika 36. Ila hiyo ni ya kwenye daftari mwanangu, daladala gani inaondoka haijajaa?

Msomaji, Ngamiani: Namba tasa ya mwisho ni ipi?

Haipo. Kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka sasa ilitangazwa Oktoba 2024, ni 2 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 136,279,841 halafu utoe 1, ina tarakimu 41,024,320. Lakini sio ya mwisho. Mtu akikwambia tasa zote ni hizi tu, 2, 3, 5, 7, 11, 13, we zizidishe zote uongeze 1, unapata 30031. Yoyote katika hizo sita ukiigawia inabaki 1, kwahiyo kigawo tasa chake kiko nje ya orodha yake. Na wengi hapa wanadhani 30031 yenyewe ndo tasa, wakati ni 59 × 509.