Kupachika Muhuri wa Raba kwenye Kibao: Maelezo kwa Wanaoanza

Wengi wanaojifunza kuchonga mihuri ya raba hapa Unguja humaliza bidii yao yote kwenye kuchonga, na kibao wakakiokoteza baadaye popote kitakapopatikana. Matokeo yake ni muhuri wenye nakshi nzuri unaotoa chapa iliyofifia upande mmoja na kuvuja wino upande wa pili. Ningependa ndugu zetu wanaoanza wafahamu mapema kwamba kibao, gundi na hewa yetu yenye unyevu ndivyo vinavyoamua muhuri utadumu au hautadumu.

Kwa asiyeujua mchezo unaotumia mihuri hii, uitwao kwa Kiingereza letterboxing, asili yake ni Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza. Huko, mwaka 1854, kiongozi wa wageni aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool ili wanaofika waache kadi zao ndani yake. Siku hizi hufichwa kisanduku chenye daftari na muhuri, na anayekifuata kwa maelezo ya njia, akishakipata, hupiga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake na muhuri wake mwenyewe kwenye daftari la kisanduku. Kwa hiyo kuna mihuri ya aina mbili, na kabla ya kugusa gundi yakupasa uamue unatengeneza upi. Muhuri binafsi huishi mkobani, hukaushwa na kutazamwa kila mara, na unastahili kibao kizito chenye umbo linalokaa vyema mkononi. Muhuri wa kisanduku hukaa peke yake msituni au ukutani miezi mingi, hutumiwa na watu wasioujua, na masika huukuta hapo ulipo. Huo unahitaji kibao chepesi, kidogo, na viungo visivyoogopa maji. Wapo wanaouacha muhuri wa kisanduku bila kibao ili kupunguza uzito, nami sina ugomvi nao iwapo raba ni nene na michoro ni mipana. Lakini mistari myembamba bila kibao hupinda chini ya vidole, na chapa haitoki sawa hata mara mbili.

Piga chapa za majaribio kabla ya kubandika. Raba ikishashika kibao, kurekebisha mstari uliosahauliwa ni tabu, kwa sababu kisu hakipati pembe. Ukiridhika na chapa, kata raba inayozidi pembezoni, na kisu chako kiinamie nje, ili kitako cha muhuri kiwe kipana kuliko uso wake. Anayekata akielekeza kisu ndani huacha kingo zinazoning'inia, na kingo hizo hulala zikibanwa na hatimaye hupasuka.

Tuje kwenye mbao. Tuna bahati ya kuishi kati ya mafundi wa milango na masanduku, na vipande wanavyovitupa vinatosha kabisa kwa kazi yetu. Omba kwa adabu na hutakosa. Msaji ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu hautikiswi sana na mabadiliko ya unyevu, ingawa una mafuta ya asili na yafaa uufute kwa spiriti kabla ya kupaka gundi. Mnazi unavutia kwa madoa yake, lakini nyuzi zake ni ngumu na huchomoka, hivyo usipoupiga msasa kwa subira utawachoma vidole wanaokuja kuutumia. Mbao zilizookotwa ufukweni ziache. Zimekunywa chumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kibao kinachoonekana kikavu leo kitakuwa na jasho wiki ijayo na gundi itaachia. Wala usikate mti ndani ya hifadhi ya Jozani au Ngezi kwa ajili ya kibao cha inchi mbili. Mchezo huu unategemea ruhusa ya wenye mahali.

Unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili unatosha. Kibao kiwe sawa na raba au kiizidi kidogo sana, kwani kikizidi mno mtumiaji haoni anapopiga, na kingo za mbao hugusa wino na kuacha mstari usiotakiwa kuzunguka picha. Upande utakaopokea raba usawazishe kwa kuweka msasa juu ya kioo au kigae na kusugua kibao juu yake. Ukishika msasa mkononi na kusugua kibao, utaviringisha kingo bila kujua. Pande nyingine zote zipakwe vanishi, hasa zile ncha zilizokatwa kukingama nyuzi, maana huko ndiko maji huingia kwa haraka zaidi. Upande wa gundi usipakwe.

Kati ya raba na kibao wengine huweka mto mwembamba wa sponji ngumu. Faida yake ni kufidia pale ambapo kisu kimekwenda juu na chini, na champali iliyokwisha hutoa sponji nzuri sana ukiikata hadi milimita mbili au tatu na kuisawazisha kwa msasa. Hata hivyo mto si dawa ya kila kitu. Ukiwa laini kupita kiasi, muhuri huzama ukibanwa, na sehemu zilizochongwa ili zisitoke huanza kutoka. Raba nene ya kuchongea ina ulaini wake wenyewe, na kuiwekea mto ni kuongeza tatizo. Mto nauacha kwa raba nyembamba tu.

Gundi ndiyo iliyoharibu mihuri mingi zaidi. Gundi ya sekunde hushika haraka lakini hukauka ikawa ngumu kama kioo, na raba inapopinda, gundi hiyo hukatika. Gundi nyeupe ya seremala hushika mbao vizuri ila haishiki raba, na nyingi hulegea zikipata maji. Gundi ya moto huacha vinundu visivyosawazika. Gundi ya fundi viatu ndiyo inayofaa zaidi kwa raba halisi: osha mgongo wa raba kwa sabuni, ukaushe, uupige msasa laini, paka tabaka jembamba pande zote mbili, subiri hadi isinate tena ukigusa kwa kidole, kisha bandika mara moja kwa uhakika, kwa sababu haikubali kusogezwa. Fanya kazi hiyo barazani penye upepo, si chumbani, kwani mvuke wake hudhuru.

Nasema raba halisi kwa makusudi. Vifutio vingi vyeupe vinavyouzwa madukani ni vya plastiki iliyotiwa kilainishi, na kilainishi hicho hutoka polepole na kuirudisha gundi katika hali ya unyevunyevu. Bandika kipande kidogo cha majaribio, kiache siku kadhaa, kisha ukivute. Kilainishi hicho hicho huyeyusha baadhi ya plastiki ngumu, kwa hiyo muhuri wa kifutio usilazwe uchi juu ya rula wala ndani ya kibweta cha plastiki. Uzungushie karatasi kwanza.

Baada ya kubandika, lalisha muhuri kifudifudi juu ya kioo chenye karatasi safi na uweke kitabu kimoja juu yake. Uzito mkubwa usiku kucha huibonyeza raba, na mistari myembamba ikiathirika hairejei.

Juu ya kibao piga chapa ya picha yenyewe, ili anayeufungua muhuri gizani mwa msitu ajue wapi ni juu. Tumia wino usioyeyuka kwa maji, uache ukauke kabisa, ndipo upake vanishi kwa mkono mwepesi, kwa kuwa wino wa kawaida wa ofisini hutambaa ukiguswa na vanishi na picha hupotea. Muhuri ulio tayari ufungwe kwenye kifuko chake peke yake, mbali na daftari, na ukiwa umekauka. Ukiufunga ukiwa na wino mbichi wakati wa vuli, utaukuta na ukungu.