Mtoto wa mbwa wa kuongoza asipitishwe mikononi mwa watu

Mkuu, futa huo mpango wa Jumapili. Umeandika kwamba umekabidhiwa mtoto wa mbwa aina ya Labrador wa wiki 9 umlee huko Marekani mpaka chuo cha mbwa wa kuongoza wasioona kimchukue, na kwamba baada ya ibada utampitisha kwa waumini kila mmoja ambebe "azoee watu". Hapo hapo ndipo mbwa mzuri anapoharibikia, na hutaliona mpaka afikishe miezi 7 au 8.

Kuzoea watu si kushikwa na watu. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14, mbwa hupokea karibu kila anachokutana nacho kuwa ni cha kawaida: mwavuli, lifti, kiti cha magurudumu, mtu mwenye kanzu. Unataka ajifunze kwamba mtu ni kama nguzo ya umeme, yupo tu na hana habari naye. Ukimpa mikono 60 ya kumbembeleza, anajifunza kwamba kila mtu ni sherehe. Akifika kilo 25 atavuta kamba kufuata kila tabasamu. Sasa mvishe ule mkanda wa mpini, mshikishe asiyeona, halafu rafiki aite jina lake toka ng'ambo ya barabara. Chuo kitamwondoa, na kitakuwa na haki.

"Leo tu, ni shangazi" ndiyo sumu yenyewe. Mbwa anayevuta mara 10 akaguswa mara 1 hukomaa kwa kuvuta kuliko anayeguswa kila mara. Malipo ya kubahatisha ndiyo yanayowaweka watu kwenye kamari mpaka usiku.

Yule "mtaalamu" wa bustanini aliyenijaza maneno kwamba mtoto wa mbwa lazima aguswe na watu 100 bado anatoza kwa saa. Filimbi anayo, kofia anayo, mbwa wa kazi hana hata mmoja.

Kanuni yangu: aone mia, asalimie mmoja. Tumia kamba ya mita 1.8, si zile za kujikunja ndani ya kasha, maana hizo humfundisha kwamba akivuta anaongezewa kamba. Simameni mita 6 au 7 kutoka mlango wa duka. Akimwona mtu kabla hajavuta, sema "ndiyo" mara moja, umpe punje moja ya chakula chake usawa wa goti lako la kushoto, kwa sababu upande huo ndio atakaofanyia kazi. Punje zitoke kwenye kipimo chake cha siku, la sivyo utalea pipa. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Akivuta, au akikataa chakula, mko karibu mno: rudini nyuma, bila kumkaripia. Sogea mita moja karibu zaidi na mlango siku anapokugeukia mwenyewe kabla hujasema neno. Chanjo zikiwa hazijakamilika, fanya yote haya ukiwa umembeba, maana virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hukaa ardhini muda mrefu.

Salamu yenyewe: mtu ndiye aje kwake, miguu minne ya mbwa ikiwa chini, na wewe uwe umetoa neno la ruhusa. Akiruka, mgeni anageuka na kuondoka. Mgeni asiyeweza kufuata hilo, hakuna salamu. Wale wageni wetu wanaoogopa mbwa ni hazina, wanakaa pembe ya sebule wakijifanya hawajamwona. Mwalike mama mkwe kila wiki.

Choo: afungwe kamba, mahali pamoja, na neno lake ulitamke anapoanza kujisaidia, si kabla. Dukani: ADA, sheria ya Marekani ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, inamruhusu mwenye ulemavu kuingia na mbwa aliyekwisha kufundishwa kazi. Anayefundishwa hutegemea sheria ya jimbo lako. Kile kizibao cha mbwa na cheti ulivyoviona vikiuzwa mtandaoni havikupi haki yoyote, usitupe dola zako.

Chakula na jina sijavigusa, najua, muulize msimamizi wako wa chuo, mara nyingi wana utaratibu wao kwa vyote viwili. Wewe nijibu hili kwanza: kwenye lifti ya jengo lenu, ni majirani wangapi wanamgusa kwa siku?